Chaguzi ndogo: kutoka Temeke ya Mrema mpaka Arumeru isiyopiga kura

Najua wengi mko bize na tesiti, na wengine bumu ndio limeisha mnaishi kwa chapati na chai ya rangi. Mie mwenzenu nimekaa na daftari la Historia tangu asubuhi lakini kichwa kimekwama kwenye ubishi wa kimbweta wa juzi. Mmoja wetu (anajijua) alitoa nondo kwamba uchaguzi mdogo ni kipimajoto. Ukitaka kujua chama kinapanda au kinashuka, angalia uchaguzi mdogo uliopita. Watu wakapiga makofi, mjadala ukafungwa.

Mie sikupiga makofi. Kipimajoto nakubali kwamba ni kipimajoto, ila swali langu ni: kimewekwa kwapani kwa nani? Mtu mwenye homa au mtu aliyetoka kukimbia? Nimepekua historia ya chaguzi ndogo za hapa kwetu tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, na ninachokiona ni kwamba kuna ushindi uliotudanganya na kuna kushindwa kuliokuwa kunasema kweli tupu. Na kuna kipindi kipimajoto chenyewe kiliondolewa tukabaki tunasomewa namba tu. Ngoja niwape kwa mpangilio wangu mwenyewe, kama mhadhiri angekuwa amechelewa na mie nimeshika chaki.

Tuanze Temeke, 1996. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, kwa hiyo waulizeni wazazi, hasa waliokuwa Dar. Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani wa zamani na Naibu Waziri Mkuu, alikuwa ametoka CCM mapema 1995, akaenda NCCR-Mageuzi, akagombea urais na kupata asilimia 27.8 dhidi ya 61.8 za Mkapa. Uchaguzi wa Dar mwaka ule ulivurugika, vifaa vikachelewa, ukafutwa na kurudiwa Novemba huku wapinzani wamesusa. Kwa hiyo Dar ilibaki na kidonda. Kiti cha Temeke kilipokuwa wazi, Mrema akaingia mwenyewe ulingoni Oktoba 1996. CCM wakamsimamisha Abdul Cisco Mtiro. Mrema akashinda, Dar ikalipuka kwa shangwe.

Sasa kama ungekuwa unaandika gazeti wiki ile ungesemaje? Ungesema NCCR inapaa. Chama kikubwa cha upinzani, wabunge 16 wa majimbo, na sasa mwenyekiti wake kaingia bungeni kwa mlango wa mbele kabisa, jijini! Ila kilichofuata mnakijua. Ndani ya mwaka mmoja Mrema na Mabere Marando walikuwa wanagombania chama, ofisi, mihuri, mikutano ya ngumi. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na kwa katiba yetu ukihama chama ubunge unaishia hapo hapo. Uchaguzi mkuu wa 2000 NCCR ikabakiwa na mbunge mmoja tu wa jimbo. Mrema mwenyewe urais wa 2000 akapata asilimia 7.8, na wa 2005 akapata chini ya asilimia moja.

Kwa hiyo Temeke ilipima nini? Ilipima hasira ya Dar na mapenzi ya watu kwa mtu mmoja aliyekuwa akikamata magendo akiwa waziri. Chama hakikupimwa. Chama kilikuwa ni koti tu ambalo mtu mkubwa alilivaa, na alipolivua likabaki limening'inia msumarini. Hili ni la kwanza ninalotaka mlikumbuke.

Nikiruka kidogo, Mei 2003 Pemba. Hii naipita haraka ila lazima niitaje kwa sababu inachekesha na kuliza kwa pamoja. Baada ya vurugu za Januari 2001 na Muafaka wa Oktoba mwaka ule, uchaguzi mdogo ukaitishwa kujaza viti vya CUF waliokuwa wamesusa na kuvuliwa nafasi zao. CUF ikafagia. Ila kwenye majimbo sita wagombea wake wa Baraza la Wawakilishi walienguliwa, na huko wapiga kura walikwenda kituoni wakapanga foleni vizuri kabisa, wakachukua karatasi, wakaiharibu makusudi. Wapemba wakaziita kura za maruhani! Yaani aliyetangazwa mshindi alikuwa na kura chache kuliko za mashetani. Kwenye hesabu rasmi zile ni kura zilizoharibika, hazina chama, hazina maana. Kwenye historia mie nasema zile ndizo zilizokuwa na maana kuliko zote.

Haya, tuje bara na CHADEMA, maana hapa ndipo penye nyama.

Mwaka 2005 CHADEMA ilitoka kwenye uchaguzi mkuu na majimbo matano. Matano tu, wakati Kikwete amepita na asilimia 80. Ungesema hiki chama kinaelekea walikokwenda wengine. Halafu ikaja 2008, mmoja wa wale watano, Chacha Wangwe wa Tarime, akafariki kwa ajali ya gari usiku wa Julai 28 maeneo ya Pandambili, Dodoma. Na ilikuwa vibaya sana, kwa sababu alikuwa makamu mwenyekiti ambaye chama kilikuwa kimetoka kumsimamisha. Maneno yakawa mengi, msiba ukawa na kelele. CCM walidhani Tarime imerudi nyumbani. Oktoba 12 watu wakapiga kura na Charles Mwera wa CHADEMA akamshinda Christopher Kangoye wa CCM.

Linganisheni na Temeke. Mtu mkubwa hayupo tena, na ameondoka akiwa amegombana na wenzake. Lakini watu wakabaki na chama. Ndio maana mie nasema Tarime 2008 ni kubwa kuliko Temeke 1996 japo haikuwa na shangwe ile. Ni mara ya kwanza kuona koti limesimama lenyewe bila mtu ndani.

Baada ya hapo CHADEMA wakawa wanashindwa tu. Mbeya Vijijini Januari 2009 mgombea wao alienguliwa kwa kasoro za kiapo kwenye fomu, hata kwenye karatasi hakuwepo. Busanda Mei 2009 wakashindwa na Lolesia Bukwimba wa CCM. Biharamulo Magharibi Julai 2009 wakashindwa tena, Oscar Mukasa wa CCM akapita kwa tofauti ndogo sana dhidi ya Dk. Anthony Mbassa. Kwa anayehesabu vikombe hiyo ni sifuri bin sifuri. Lakini tazameni ramani bana! Busanda na Biharamulo ni kanda ya Ziwa, huko CHADEMA ilikuwa haina mizizi. Kila uchaguzi mdogo viongozi wote wa kitaifa wanahamia jimbo moja kwa mwezi mzima, helikopta inatua kwenye viwanja vya shule za msingi, watoto wanakimbilia vumbi, na jioni kijiji kizima kinajua jina la chama. Uchaguzi unaisha, wanashindwa, lakini matawi yanabaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa Operesheni Sangara kwa vitendo.

Mwaka mmoja baadaye, 2010, Dk. Mbassa huyo huyo akachukua Biharamulo. Nyamagana ikaenda, Ilemela ikaenda, Ukerewe, Maswa, Meatu. Bukombe akachukua Profesa Kulikoyela Kahigi, ndio huyo huyo wa isimu mnayemsoma kwenye Kiswahili (mliokuwa mnadhani maprofesa wa lugha hawana siasa, poleni). Kutoka majimbo 5 hadi 23. Na Kikwete akashuka kutoka asilimia 80 hadi 60 na kidogo. Waliosema 2009 kwamba CHADEMA imekataliwa kanda ya Ziwa walikuwa wamesoma matokeo bila kusoma tofauti ya kura.

Sasa Igunga. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Aprili 2011 CCM ilianzisha habari ya kujivua gamba, yaani kuwatoa viongozi waliokuwa wanahusishwa na kashfa. Julai mwaka ule Rostam Aziz, mbunge wa Igunga tangu mapema miaka ya tisini na mweka hazina wa zamani wa chama, akajiuzulu ubunge akisema amechoka na siasa uchwara. Uchaguzi mdogo ukapangwa Oktoba 2. Mwaka mmoja tu nyuma, 2010, Rostam alikuwa amepata kura 35,674 na mpinzani wake Leopold Mahona wa CUF kura 11,321. Yaani ni jimbo ambalo CCM ilikuwa inalala usingizi mnono.

Kampeni zake zilikuwa vita. Rais mstaafu Mkapa akatolewa kwenye mapumziko kuja kuzindua. Mawaziri wakahamia. Kada mmoja wa CCM akamwagiwa tindikali, jambo la kinyama ambalo mtu yeyote mwenye akili hawezi kulisema kwa mzaha. Mkuu wa wilaya akaingia kwenye mzozo na wabunge wa CHADEMA mpaka ukageuka kuwa mjadala wa hijabu nchi nzima. Na waziri wa ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akazungumzia daraja la Mbutu jukwaani. Likumbukeni hilo daraja.

Matokeo: Dk. Dalaly Kafumu wa CCM, aliyekuwa kamishna wa madini, kura 26,484. Mwalimu Joseph Kashindye wa CHADEMA, 23,260. Mahona wa CUF, yule wa 11,321, akapata 2,104.

Magazeti yakaandika CCM yashinda Igunga, na ni kweli ilishinda. Ila chukueni kalamu. CCM imepoteza kura elfu tisa ndani ya miezi kumi na moja. CUF imeyeyuka kabisa. Kwa nini? Kwa sababu baada ya uchaguzi wa 2010 CUF ilikuwa imeingia serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, na huku bara wapinzani wenzao wakaanza kuwaita CCM B. Mkulima wa pamba wa Igunga aliyekuwa anapigia CUF kwa kuwa ni wapinzani akaona afadhali ahamie kwa wanaopinga kweli. Muafaka ulioleta amani Unguja na Pemba uliua chama hicho hicho Tabora! Hili vitabu vyetu vya kidato cha nne haviligusi, vinaishia kwenye faida na hasara za vyama vingi, hoja sita sita.

Halafu kuna namba ambayo mie inaninyima usingizi kuliko zote. Waliojiandikisha Igunga walikuwa 171,019. Waliopiga kura 53,672. Thelathini na moja kwa mia. Pamoja na helikopta, marais wastaafu, mawaziri na redio zote kuongea Igunga Igunga Igunga, watu saba kati ya kumi walikwenda shambani au walibaki nyumbani. Tulikuwa tunabishana nani kashinda wakati mshindi hasa hakuwa na mgombea.

Kashindye akaenda mahakamani. Agosti 2012 Mahakama Kuu Tabora ikatengua ubunge wa Kafumu, na moja ya sababu ilikuwa yale maneno ya waziri kuhusu daraja la Mbutu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Kwa wanaochukua somo la sheria kidogo, hiyo kesi ni tamu kuisoma, maana inauliza swali la maana sana: serikali ikiahidi daraja wiki ya kupiga kura, hiyo ni sera au ni hongo?

Miezi sita baada ya Igunga ikaja Arumeru Mashariki, Aprili 1, 2012, sikukuu ya wajinga. Jeremiah Sumari wa CCM alikuwa amefariki Januari. Mwaka 2010 alikuwa amepata kura elfu 34 na zaidi dhidi ya elfu 19 na kidogo za kijana mmoja wa CHADEMA anaitwa Joshua Nassari, wenyewe wakimwita Dogo Janja. CCM wakapiga kura za maoni, Kamati Kuu ikaamuru zirudiwe, mwisho akapitishwa Sioi Sumari, mtoto wa marehemu na mkwe wa Edward Lowassa.

Sasa fikirini mmekaa mnywa mbege Usa River mwaka ule. Chama kinakuletea mtoto wa mbunge aliyefariki. Vijana wa Meru wakaanza kuuliza, kwani ubunge ni ng'ombe wa urithi? Mkapa akaja tena kuzindua, na jukwaani akasema hamtambui Vincent Nyerere, meneja wa kampeni wa CHADEMA na mbunge wa Musoma Mjini, kama mtu wa familia ya Baba wa Taifa. Wiki nzima ikaishia kubishania ukoo wa watu. Yaani chama kilichosimamisha mtoto wa marehemu kikaanzisha chenyewe mjadala wa nani ni wa ukoo gani. Mie kama ningekuwa mshauri wao ningelia.

Ila kilichokuwa chini ya yote ni ardhi. Ukitoka Arusha kwenda Moshi unaona mashamba makubwa pande zote za barabara, maua, kahawa, na kando yake vihamba vya Wameru vimebanana. Hili halikuanza 2012. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa, ili walowezi wapate nafasi. Mwaka 1952 wakamchangia Kirilo Japhet nauli akaenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kueleza. TANU yenyewe ilikuwa haijazaliwa! Kwa hiyo mtu akija Meru kuongelea mashamba ya walowezi anagusa kitu ambacho babu alimsimulia mjukuu. CHADEMA walilijua hilo wakaligusa kila mkutano.

Nassari 32,972. Sioi 26,757.

Hapa ndipo kipimajoto kilifanya kazi yake sawasawa. Ukiweka Arumeru pembeni ya Igunga unaona kitu kimoja: popote CHADEMA ilipopeleka nguvu ilikuwa inaongeza zaidi ya kura elfu kumi, ila kwa CCM kupoteza kiti ilihitaji pia CCM ijikwae yenyewe. Ndio mwaka wa M4C na ule wimbo wa vua gamba vaa gwanda. Kaka zetu waliokuwa vyuoni miaka ile wanasema kombati za kaki zilikuwa zinauzwa kama jezi za Simba na Yanga.

Na mara tu tukaona kipimajoto kinashuka tena. Machi 2014 Kalenga, Iringa, CCM ikamsimamisha Godfrey Mgimwa, mtoto wa marehemu Waziri wa Fedha William Mgimwa. Urithi ule ule ulioangusha Meru. Safari hii akashinda kwa kura 22,962 dhidi ya 5,853 za Grace Tendega wa CHADEMA. Mwezi uliofuata Chalinze akapita Ridhiwani, mtoto wa Rais aliyekuwa madarakani, kiulaini kabisa. Kwa hiyo hoja ya "watu wamechoka na urithi" pekee haitoshi, jamani. Kalenga hakukuwa na kidonda cha ardhi cha miaka sitini, na CHADEMA wenyewe walikuwa wametoka kupigana ndani: Novemba 2013 walimvua vyeo Zitto Kabwe na Kitila Mkumbo. Waliotabiri kwa Kalenga na Chalinze kwamba 2015 upinzani umekwisha walikosea vibaya, maana hawakujua Julai 2015 Lowassa atahama, na upinzani ukaja na karibu asilimia 40 ya kura za urais. Chaguzi ndogo hazijui ya kesho. Zinajua ya jana na leo tu.

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho sie wenyewe tulikuwa na macho, wengine sekondari.

Novemba 26, 2017, uchaguzi mdogo wa madiwani, kata 43. CCM 42, CHADEMA moja, kata ya Ibighi kule Rungwe. Arobaini na mbili kwa moja, kama matokeo ya mechi ya mtaani golikipa akiwa kaenda sokoni. Kabla ya hapo Nassari alikuwa amepeleka TAKUKURU video akidai madiwani wa CHADEMA wananunuliwa wahame. Kisha wabunge nao wakaanza. Msamiati ukazaliwa: kuunga mkono juhudi. Mbunge anajiuzulu kwenye chama alichochaguliwa nacho, kiti kinakuwa wazi, serikali inatoa hela za uchaguzi, halafu mgombea wa CCM anayeletwa ni yeye yule. Unatoka kwa mlango wa mbele unaingia kwa dirisha la nyumba ile ile.

Zamani uchaguzi mdogo ulikuwa unaletwa na Mungu au na mahakama. Sasa ukawa unaletwa na barua. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko matokeo yoyote, kwa sababu unapochagua mwenyewe ni wapi na lini upimwe, hicho si kipimo.

Kinondoni, Februari 17, 2018. Maulid Mtulia mwaka 2015 alishinda kwa CUF akiwa na kura zaidi ya elfu 70, na CCM aliyeshindwa alikuwa na elfu 65 na ushee. Akahama, akagombea kwa CCM, akashinda kwa kura elfu 30 na ushee dhidi ya elfu 12 na ushee za Salum Mwalimu wa CHADEMA. Kwa asilimia ni ushindi mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa vichwa vya watu ni chini ya nusu! Mtu yule yule, jimbo lile lile, na kura za mtu yule na za chama kile ukizijumlisha za 2015 zinapita laki moja na elfu thelathini. Wamekwenda wapi hawa? Huwezi kusema wamehamia CCM. Wala hawakuhamia CHADEMA. Walibaki Mwananyamala na Magomeni wanakaanga samaki wao.

Na siku moja kabla, Februari 16, CHADEMA waliandamana kudai barua za viapo vya mawakala wao. Polisi wakafyatua risasi. Moja ikaingia kwenye daladala ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa kwenye shughuli zake za kutafuta sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Hakuwa kwenye maandamano. Jina lake mnalijua. Kila mmoja wetu ameshazunguka na barua ya fildi kwenye bahasha ndani ya daladala. Ninaposikia mtu anasema uchaguzi mdogo ni jambo dogo namkumbuka.

Baada ya hapo CHADEMA walishiriki wakashindwa, Buyungu Agosti 2018 na Ukonga na Monduli Septemba, kisha wakasusa. Simanjiro, Ukerewe, Serengeti na Temeke wabunge waliohama wakarudi bila kupingwa. Ndiyo, Temeke, ile ya Mrema. Miaka 22 baada ya lile jimbo kuitikisa nchi halikupiga kura hata moja.

Na Arumeru Mashariki? Machi 2019 Spika Ndugai alitangaza kwamba Nassari amepoteza ubunge kwa kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, na Dk. John Pallangyo wa CCM, ambaye 2015 alishindwa na Nassari huyo huyo, akapita bila kupingwa. Watu wale ambao mababu zao walichanga nauli ya New York safari hii hawakuhitajika hata kutoka nyumbani. Juni 2021 Nassari akateuliwa mkuu wa wilaya ya Bunda.

Nirudi kwetu walimu watarajiwa kidogo. Nani husimamia vituo vya kupigia kura huko vijijini? Walimu. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anakaa na orodha, ndiye anasaini fomu ya matokeo. Na juu yake msimamizi wa jimbo kwa miaka mingi alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais, na ndiye mwajiri wa huyo mwalimu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo wa wakurugenzi unakwenda kinyume na katiba, Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo mwaka huo huo, na mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatoa uamuzi dhidi ya utaratibu huo. Aliyefungua kesi anaitwa Bob Chacha Wangwe. Ndiyo, ni mtoto wa yule Wangwe ambaye kifo chake ndicho kilileta uchaguzi wa Tarime 2008. Kwa hiyo kati ya watoto wote wa marehemu niliowataja humu, huyu hakurithi jimbo, alirithi swali.

Namalizia na Konde, Pemba, kwa sababu hakuna aliyeiongelea juzi kimbwetani. Mei 2021 mbunge wa ACT-Wazalendo, Khatib Said Haji, alifariki. Julai 18 ukafanyika uchaguzi mdogo, akatangazwa Sheha Mpemba Faki wa CCM. ACT, ambao walikuwa ndani ya serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, wakayakataa matokeo kwa sauti kubwa. Wiki chache baadaye, kabla hata ya kuapishwa, mshindi akajiuzulu kwa sababu za kifamilia. Oktoba 9 ukarudiwa, ACT ikachukua kiti. Jimbo moja, chaguzi mbili, miezi mitatu, washindi wawili wa vyama tofauti. Mwenye kutaka kusema wapiga kura wa Konde walibadili mawazo kati ya Julai na Oktoba anikute Jumatatu pale pale kimbwetani, chai ni juu yangu bumu likitoka.